Mafuta ya Risasi: Kisa cha Dum Dum

Mpiga gobore hahitaji kusumbuka na mafuta. Mtutu wake ni laini kwa ndani, gololi ni ndogo kuliko tundu, na akishamimina baruti huiachia gololi iteremke kwa uzito wake, akashindilia, akapiga. Bunduki ya askari wa Uingereza iliyoitwa Brown Bess ilikuwa ya namna hiyo. Tundu lake lilikuwa na upana wa karibu robo tatu ya inchi, gololi ikipwaya ndani yake, na askari waliitumia kwa zaidi ya miaka 100. Kasoro yake ilijulikana na kila mtu: ukipita yadi 100 hivi, kumpata adui mmoja uliyemlenga ilikuwa bahati tu.

Wawindaji wa Pennsylvania na Kentucky, katika karne ya 18, hawakuweza kuishi kwa bahati. Bunduki zao ndefu zilichongwa mifereji ndani ya mtutu, inayojipinda kama uzi wa skrubu, ili gololi itoke ikizunguka na kushika njia iliyonyooka. Gololi walizisubu wenyewe: madini ya risasi yaliyeyushwa motoni yakamiminwa kwenye kalibu ndogo ya mkono. Lakini ili mifereji ifanye kazi, gololi lazima ibane, na kinachobana hukwama. Mwindaji aliifunika gololi kwa kipande cha kitambaa au ngozi kilichopakwa shahamu au mafuta ya dubu, kisha akaishindilia pamoja nacho. Bunduki nyingi za aina hiyo zilikuwa na kijumba chenye kifuniko kwenye kitako, mahali pa kuweka vitambaa hivyo vya mafuta. Kila mtu alijichagulia mafuta yake, na asiyependa dubu alitafuta kingine.

Kazi ya mafuta hayo haikuwa kulainisha njia tu. Baruti nyeusi haiungui ikaisha. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama masizi na chumvi ngumu, na baada ya mipigo kadhaa mtutu huota utando unaozuia risasi inayofuata. Mafuta huufanya utando huo uwe laini, ukasukumwa nje na risasi yenyewe. Kuna na adui wa pili: madini ya risasi ni laini mno, yakipita kwa kasi kwenye chuma kikavu huacha magamba yake humo, mifereji ikajaa, na bunduki yenye mifereji ikarudi kuwa gobore la bei mbaya.

Majeshi yalilijua hilo yakashindwa kulitumia. Waingereza walipowapa baadhi ya askari wao bunduki ya Baker, kuanzia mwaka 1800, wengine walipewa na nyundo ndogo ya mti ya kugongea gololi mdomoni mwa mtutu. Mwindaji anayesubiri paa ana muda wa kugonga nyundo. Askari anayekimbiliwa na wapanda farasi hana. Kwa nusu karne mafundi wa Ulaya walitafuta risasi ambayo ingeteremka kwa ulegevu na kutoka kwa kubana. Kapteni John Norton wa Uingereza alibuni moja katika miaka ya 1820. Huko Ufaransa, Gustave Delvigne alifungua njia, na mwaka 1849 Kapteni Claude-Étienne Minié akaleta ile iliyoshinda: risasi ndefu yenye ncha, tako lake likiwa na shimo. Baruti inapolipuka, moshi wake hulisukuma shimo hilo, tako hutanuka na kuishika mifereji. Madini yale laini, yaliyokuwa udhaifu, sasa yakawa ndiyo siri yenyewe.

Waingereza walimlipa Minié pauni 20,000, wakatengeneza bunduki yao, Enfield ya mwaka 1853. Mtutu wake ulikuwa na upana wa inchi 0.577 na risasi yake inchi 0.568. Toa moja kwenye nyingine: nafasi iliyobaki haifiki hata sehemu moja ya mia ya inchi, na katika nafasi hiyo ilibidi ipite karatasi pia. Maana askari hakubeba risasi na baruti mbalimbali. Alipewa kifurushi cha karatasi, baruti upande mmoja na risasi upande wa pili, na ule upande wa risasi umechovywa kwenye mafuta yaliyoyeyushwa. Amri za gwaride zilimwelekeza hivi: ng'ata ncha ya upande wa baruti kwa meno, mimina baruti mtutuni, geuza kifurushi, ingiza risasi ikiwa bado imevikwa karatasi yake ya mafuta, chana karatasi iliyobaki, shindilia. Mkono mmoja umeshika bunduki, wa pili umeshika kifurushi. Ndiyo maana meno yaliingizwa kazini. Mwanajeshi aliyezoea aliweza kupiga mara tatu kwa dakika.

Mafuta gani, basi? Kwa fundi wa ghala la silaha hili lilikuwa swali la kawaida la karakana. Yanatakiwa yagande ili yasilowe ndani ya karatasi na kuharibu baruti, yasiwe magumu kiasi cha kubanduka, na yawe rahisi kupatikana kwa mapipa. Uingereza ilichagua shahamu, ikachanganywa na nta kidogo. Shahamu ilikuwa rahisi, ilipatikana kila machinjioni, na katika baridi ya Uingereza ilikaa vizuri. Haikuandikwa popote kwamba iwe shahamu ya mnyama gani.

Mwaka 1853 shehena ya vifurushi vilivyopakwa mafuta ilipelekwa India, kuona kama vitastahimili joto. Kanali Henry Tucker, mkuu wa utawala wa jeshi la Bengal, aliiona hatari papo hapo. Aliandika kwa Bodi ya Jeshi kwamba kama haijulikani kwa hakika kuwa mafuta yale hayawachukizi askari wenyeji, yasijaribiwe kwao, wapewe Wazungu peke yao. Barua ilipokelewa, ikawekwa, ikalala. Vifurushi vikajaribiwa kwa kubebwa kwenye mikoba ya walinzi wa Kihindi kwa miezi, na kwa kuwa hakuna aliyelalamika, na huenda hakuna aliyeambiwa chochote, vikarudishwa na taarifa ya hali ya hewa. Mimi naihesabu barua ya Tucker kuwa karatasi ya thamani kuliko zote katika kisa hiki, na ndiyo iliyosomwa kidogo kuliko zote.

Askari hao wenyeji, masipahi, ndio walioibeba Kampuni ya India ya Mashariki mabegani. Jeshi la Bengal lilijaa Wahindu wa tabaka la juu, Mabrahmini na Marajput, pamoja na Waislamu. Kwa Mhindu, kutia mdomoni mafuta ya ng'ombe ni kujitupa nje ya tabaka lake: hatakula na nduguze, na ndoa za watoto wake zitavunjika. Kwa Mwislamu, nguruwe ni haramu, maelezo hayahitajiki. Kampuni ilikuwa imeishi na watu hawa kwa miaka 100, inajua hata sufuria zao zinavyotengwa kambini.

Bunduki za Enfield zilifika India mwaka 1856, na mwanzoni mwa 1857 zikafunguliwa shule tatu za kufundisha matumizi yake: Ambala na Sialkot kaskazini, na Dum Dum, nje kidogo ya Calcutta, palipokuwa na karakana za silaha. Ni Dum Dum ambako, mwezi Januari, kibarua mmoja wa tabaka la chini alimwomba sipahi Mbrahmini maji ya kunywa kwenye chombo chake cha shaba. Sipahi akakataa, chombo kitanajisika. Kibarua akamjibu kwamba tabaka hilo analojivunia halina siku nyingi, kwa kuwa hivi karibuni atang'ata vifurushi vilivyopakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Hivyo ndivyo habari ilivyomfikia Luteni Wright, naye tarehe 22 Januari akaiandika na kumpelekea mkuu wake, Meja Bontein.

Bontein alifanya jambo la busara: aliwapanga watu gwarideni akawauliza kama wana lalamiko. Theluthi mbili, na maofisa wote wa Kihindi waliokuwapo, wakapiga hatua mbele. Walisema kwa adabu kwamba mafuta yale yanaichukiza dini yao. Kisha wakatoa pendekezo ambalo msomaji aliweke akilini: itumike nta na mafuta ya mimea. Hawakuikataa bunduki wala mafunzo. Walimweleza fundi namna ya kurekebisha kazi yake.

Jenerali Hearsey wa Barrackpore, mzee aliyeijua lugha ya askari wake, aliunga mkono. Alishauri serikali iwaruhusu wanunue sokoni wanachokitaka na kupaka wenyewe. Gavana Mkuu, Lord Canning, hakuchelewa: tarehe 27 Januari amri ikatoka kwamba vifurushi vitolewe vikavu na kila mmoja ajipakie mafuta yake. Yule mwindaji wa Kentucky angeshangaa kwamba ilihitaji amri.

Kama mambo yangeishia hapo, kisa cha Dum Dum kingesahaulika. Lakini kutoka makao ya jeshi kule Meerut ikaja hoja: vikosi vya wenyeji vyenye bunduki za zamani za mifereji vimekuwa vikitumia vitambaa vya mafuta ya kondoo na nta kwa miaka; mkitangaza sasa kwamba mafuta ni tatizo, mtawatia shaka hata wasiokuwa nayo. Hoja haikuwa ya kijinga. Ilikosa jambo moja tu: yale ya kondoo yalijulikana kuwa ni ya kondoo. Haya mapya, hakuna aliyeweza kuapa. Alipohojiwa, Kanali Abbott, mkaguzi mkuu wa silaha, alikiri kwamba shahamu ililetwa na mzabuni, na kwamba huenda ilikuwa na mafuta ya ng'ombe. Hapakuchukuliwa tahadhari ya pekee kuyazuia. Serikali iliyotaka kusema "huo ni uongo" haikuwa na cheti cha kushika mkononi.

Mafuta yakaondolewa, shaka ikabaki, ikahamia kwenye karatasi. Karatasi ya vifurushi vipya ilikuwa na mng'ao kuliko ile waliyoizoea. Mbele ya baraza la uchunguzi lililokaa Barrackpore tarehe 6 Februari, masipahi walisema inachanika kama kitambaa cha nta, na kwamba ikitiwa motoni inatoa mlio wa kitu chenye mafuta. Maofisa waliwahakikishia kwamba karatasi haina kitu. Kila uhakikisho ukasikika kama ushahidi mwingine. Watu wanaokuapia sana wanaficha nini?

Tarehe 26 Februari, huko Berhampore, kikosi cha 19 cha askari wa miguu kilikataa kupokea fataki za gwaride la kesho yake. Vifurushi vyao vilikuwa vya zamani, vya bunduki za zamani, havijawahi kuguswa na shahamu ya Enfield. Kamanda wao, Mitchell, aliwajia usiku kwa vitisho, na ikabidi arudi nyuma. Machi kanuni ikabadilishwa: askari asing'ate tena, achane kwa vidole. Tarehe 29 mwezi huo, kwenye uwanja wa Barrackpore, Mangal Pandey wa kikosi cha 34 alitoka na bunduki akiwaita wenzake wainuke kwa ajili ya dini yao, akawashambulia sajenti meja na ofisa mmoja. Alinyongwa tarehe 8 Aprili. Kikosi cha 19 kilikuwa kimeshavunjwa na watu wake kurudishwa vijijini, ambako walikuwa na mengi ya kusimulia.

Mkuu wa majeshi yote, Jenerali Anson, aliviona vifurushi vya mafuta mwezi Machi akiwa Ambala, na alimwandikia Canning kwamba hashangai tena kwa nini watu wanavikataa: hakudhani vilipakwa mafuta mengi kiasi kile. Pamoja na hayo aliamuru mafunzo yaendelee, kwa kuwa kurudi nyuma kungekuwa udhaifu. Mwezi uliofuata majengo ya kambi ya Ambala yalikuwa yakiwaka moto usiku na wachomaji hawaonekani.

Kilichobaki kilifanywa na mtu mmoja mwenye kichwa kigumu. Huko Meerut, Kanali Carmichael-Smyth wa kikosi cha 3 cha wapanda farasi alitaka kuwaonyesha watu wake ile njia mpya ya kuchana kwa vidole. Aliwaita 90 gwarideni tarehe 24 Aprili. Vifurushi vilikuwa vya aina ileile waliyoitumia maisha yao yote, na aliwaambia hivyo. Watano wakapokea. Waliobaki 85 wakakataa, wengi wakieleza kwamba wakipokea watatiwa aibu na vikosi vingine. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu, wengi wao miaka 10 ya kazi ngumu. Tarehe 9 Mei walivuliwa sare mbele ya kambi nzima na wahunzi wakawafunga pingu za miguu mmoja mmoja, juani, kazi iliyochukua saa nyingi, huku wakiwaita wenzao kwa majina. Kesho yake, Jumapili, kambi ya Meerut ililipuka. Alfajiri ya tarehe 11 waasi walikuwa Delhi, wakimtaka mfalme mzee, Bahadur Shah Zafar, awe kiongozi wao.

Wapo wanaosema vita vile vililetwa na mafuta, na wapo wanaocheka wakisikia hivyo. Wote wawili wana haraka. Kampuni ilikuwa imeinyakua nchi ya Awadh mwezi Februari 1856, na huko ndiko kulikokuwa kwao masipahi wengi. Sheria ya mwaka huohuo iliwalazimisha askari wapya wakubali kuvushwa bahari, jambo lililowatia Wahindu wa tabaka la juu wasiwasi uleule wa unajisi. Posho zilipunguzwa, ardhi ikachukuliwa, wamisionari wakahubiri. Lakini malalamiko hayo yalimgusa kila mtu kwa upande wake. Mafuta ya ng'ombe na nguruwe katika chungu kimoja yaliwagusa Mhindu na Mwislamu siku moja, mdomoni, na hakuna mwanasiasa ambaye angeweza kubuni kitu cha kuwaunganisha vizuri kuliko hicho.

Tarehe 9 Julai Sialkot nayo ikaasi, mojawapo ya zile shule tatu za Enfield. Waliotangulia ni pamoja na kikosi cha 46 cha askari wa miguu wa Bengal. Ofisa mmoja wa kikosi hicho alikuwa mbali siku hiyo: John Hanning Speke, aliyekuwa ameondoka Unguja mwezi Juni pamoja na Richard Burton na ulinzi wa Mabaluchi wa Sultani, akitembea bara kuelekea Kazeh, Tabora ya leo. Wakati wenzake wanakimbilia ngomeni, yeye alikuwa hajafika hata Zungomero.

Vita vilikuwa vikali, na Enfield ilipiga kwa niaba ya Waingereza. Huko Fatehpur, tarehe 12 Julai, vikosi vya Jenerali Havelock wa Uingereza viliwaangusha waasi kutoka umbali ambao bunduki zao za zamani hazikufika, na Havelock akaitaja Enfield kwa jina alipowashukuru askari wake. Delhi ilichukuliwa tena Septemba. Agosti 1858 Bunge la Uingereza liliiondolea Kampuni utawala wa India na kuukabidhi kwa Malkia.

Serikali iliendelea kukana kwa muda mrefu. Miaka ya 1890 mwanahistoria George Forrest alifungua mafaili ya idara ya jeshi, na Lord Roberts, aliyekuwa luteni kijana wakati wa vita vile na baadaye mkuu wa majeshi ya India, aliandika bila kuzunguka katika kumbukumbu zake za mwaka 1897 kwamba utafiti huo unathibitisha: mchanganyiko ulikuwa kweli na vitu vile vilivyolalamikiwa, na dini za askari zilipuuzwa kwa namna isiyoaminika. Masipahi walikuwa wamesema kweli.

Na hata tukiwaacha ng'ombe na nguruwe kando, shahamu ilikuwa mafuta mabaya kwa kazi ile. Huyeyuka kwenye joto ambalo ghala la Kihindi hulifikia bila shida mwezi Mei, ikanywewa na karatasi, risasi ikabaki kavu na kukwama mtutuni. Ikikaa sana huchacha, na asidi yake huyala madini ya risasi, yakaota ukoko mweupe unaoinenepesha risasi. Nta ya nyuki huhitaji nyuzijoto zaidi ya 60 ili iyeyuke, na haiyali madini hayo. Askari wa Kizungu waliopigana India kwa Enfield walihangaika na risasi zisizoshuka, na wakubwa wa silaha wakalazimika kuipunguza risasi hadi inchi 0.55. Mafuta nayo yakabadilishwa. Kabla ya muongo ule kwisha, Uingereza ilikuwa imeacha shahamu, na vifurushi vya Enfield vikapakwa nta ya nyuki.